Saa Moja Asubuhi na Saa Kumi na Moja Jioni

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Pokea na shikamoo za watu wa ofisini, ambao leo kila mmoja amepita mezani kwangu kuniambia nisisahau kukusalimia. Sababu utaiona mbele.

Goti linaendeleaje? Dada aliniambia kwamba sasa unapanda ngazi za uani bila kushika ukuta, ila dawa ya kuchua umeikataa kwa kuwa inanuka kama kabati la marehemu. Nilicheka sana, lakini tafadhali jipake. Na wajukuu hawajambo? Yule mdogo ameshaacha kulala na kiatu kimoja? Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha, paa la chumba changu halivuji tena, na kazi inakwenda. Hofu niliyo nayo ni ya barua hii tu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu zipo. Jambo nililo nalo kwenye simu ningelikimbia. Ungekohoa kidogo, nami ningepata upenyo wa kuuliza habari za dawa, na mazungumzo yangeishia hapo. Karatasi hainipi mahali pa kukimbilia. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, taratibu, bila kumpa dada akusomee.

Habari yenyewe ni ya mto. Najua tangu ofisi ilipokuondoa hutaki kusikia habari zake, na dada ameniambia kwamba ukienda sokoni unazunguka njia ndefu ili usipite darajani. Nivumilie leo tu. Miaka ishirini na miwili uliteremka ngazi zile za mawe mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, ukasoma kina cha maji kwenye ubao wa kipimo na kukiandika kwenye daftari la ofisi ya maji, mpaka watu wakasahau jina lako wakakuita Mama Mita. Hakuna mtu ninayeweza kumsimulia jambo hili akalielewa zaidi yako.

Nalo kosa ulilotuhumiwa unalikumbuka. Katika daftari zako, kila kiangazi, mto ulikuwa juu asubuhi na chini jioni, kwa sentimita mbili, mara nyingine tatu. Kesho yake asubuhi umepanda tena, na mvua haijanyesha hata tone. Ukizichora namba hizo kwenye karatasi zinafanya meno kama ya msumeno. Ofisi ikasema kwamba mto wa kiangazi hupungua polepole kama mshumaa, haupandi bila mvua, na kwamba aandikaye namba za namna ile anazibuni akiwa nyumbani kwake. Wakachukua daftari, na jina la Mama Mita, lililokuwa la heshima, watu wakaanza kulitaja huku wakikonyezana.

Baada yako walikuja wasomaji wawili. Wa kwanza aliacha baada ya miezi minne, akasema ngazi zinateleza. Wa pili hakuacha, ila aliusoma mto akiwa kwake kitandani, na huyo kweli alikuwa mbunifu, maana aliandika mafuriko wakati wa ukame. Akaondolewa, na ubao wa kipimo ukabaki peke yake miaka mitatu.

Mwaka huu ofisi imepata kifaa. Hakizidi ukubwa wa kikombe. Kimefungwa chini ya daraja, mdomo ukiyatazama maji. Kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, mlio unagonga maji na kurudi, na kwa muda wa kwenda na kurudi kinajua maji yapo umbali gani. Kutoka hapo waya unapanda mpaka kwenye kibanda cha pampu, ambako kuna kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi ya kuifundisha kompyuta hiyo nilipewa mimi, pamoja na fundi wetu wa kompyuta, bwana mmoja tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi.

Kimya alinifundisha kuandika skripti. Usiliogope neno, mama. Skripti ni karatasi ya maagizo tu, kama ile uliyokuwa ukiniachia mezani unapokwenda mtoni: washa jiko, chemsha maji, wafungulie kuku. Yangu inasema pima maji, andika kina na saa, tuma ofisini. Ni mistari kumi na miwili. Nikiiamuru kwa mkono wangu inatii. Lakini nani atakuwa anaiamuru kila siku, Jumapili na sikukuu? Hapo Kimya aliinua kidole na kusema kwamba ndani ya kompyuta ile anaishi mtunza ratiba. Si mtu, ni programu, ila Kimya humzungumzia kama shemeji yake. Kila dakika moja mtunza ratiba huamka, hutazama orodha aliyopewa, akikuta kuna kazi ya dakika ile huifanya, asipokuta hurudi kulala. Huamka mara elfu moja mia nne na arobaini kwa siku, haugui, hafiwi, hanyeshewi.

Maagizo yake huandikwa katika mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya juma. Pale usipotaka kuchagua unaweka nyota, na nyota maana yake ni kila. Mahali pa dakika nikaandika sifuri. Mahali pa saa nikaandika moja na kumi na moja, saa zako, kwa kuwa ofisi ilitaka namba mpya zilingane na za zamani. Kisha nyota, nyota, nyota. Kila tarehe, kila mwezi, kila siku ya juma. Nikakaa nikizitazama nyota zile. Niliikumbuka ile siku tuliyomzika bibi, jioni yake ukateremka mtoni na nguo za msiba, ukapima, ukaandika, ndipo ukarudi kulia. Miaka yako ishirini na miwili ilikuwa imeenea katika alama tatu ambazo nzi angeweza kuzifunika.

Siku ya kwanza hapakutokea kitu. Kimya akanieleza, kwa muda wa nusu saa, kwamba mtunza ratiba ni mgeni, hajui vyumba vya nyumba yetu. Mimi nikiitaja skripti kwa jina inapatikana, lakini yeye lazima aelekezwe njia nzima kuanzia mlango wa nje. Nikamwandikia njia nzima. Kesho yake nilipofika ofisini, kabla sijatua mkoba, namba ilikuwa imeshafika. Sentimita themanini na tatu. Mama, vinyweleo vilinisimama. Mtoni hapakuwa na mtu, kibandani hapakuwa na mtu, mimi nilikuwa nimelala, na bado kazi ilikuwa imefanyika kwa saa iliyoagizwa. Nilimwita mhudumu wa chai aje aone. Aliitazama, akasema ni namba, akanimiminia chai.

Kila asubuhi nikawa nafungua faili na kukuta namba mbili, pembeni yake 1 na 11. Themanini na tatu, themanini na tatu. Themanini na tatu, themanini na tatu. Siku tisa, kisha zikashuka kwa pamoja hadi themanini na mbili. Nilizichora, mstari ukanyooka kama uzi wa mwashi. Hakuna jino hata moja. Nilipouona mstari ule nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, na kwa nini nilipumua vile nitakuambia chini. Usinitangulie, mama. Niache nije kwa miguu yangu.

Siku ya kumi na moja Kimya alikwenda kwenye kibanda kubadilisha betri. Alifika mapema, akasubiri saa moja ya asubuhi ifike aone mashine ikipima mbele ya macho yake. Ikafika, ikapita, mashine kimya. Akanipigia simu kwamba kompyuta imelala. Nikamwambia haijalala, namba ya saa moja ninayo hapa. Akasema haiwezekani, yeye ameketi nayo goti kwa goti. Tulibishana mpaka ghafla akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akaangua kicheko. Akaniuliza mimi na babu zangu tunaanza kuhesabu saa wapi. Nikasema jua likichomoza. Akasema kompyuta huanza katikati ya usiku. Moja yake ni saa saba usiku. Kumi na moja yake ni saa tano asubuhi. Siku zote zile mashine ilikuwa inapima saa ambazo mama yangu hakupima hata siku moja.

Ofisi nzima ilicheka, na mpaka leo wapo wanaoniita Saa Saba. Nikacheka nao, nikafuta, nikaandika saba na kumi na saba, nikarudisha zile nyota tatu.

Jioni ile ikaja themanini na moja. Asubuhi, themanini na tatu. Jioni, themanini na moja. Asubuhi, themanini na tatu. Siku ya nne nilizichora. Meno yale yale, mama, katika mto ule ule, yakiletwa na kitu ambacho hakina nyumbani pa kukaa na kubuni.

Sikuamini. Niliitilia shaka mashine kabla ya kujitilia shaka mwenyewe. Kimya naye alisema huenda joto la mchana linaudanganya ule mlio, kwamba hewa ya moto huubadilisha mwendo. Basi nikaomba ruhusa ya siku moja nikaenda mwenyewe. Nisamehe kwamba nilifika mpaka darajani, hatua chache kutoka nyumbani kwa dada, na sikupita kukuona. Nilikuwa sina uso.

Saa moja asubuhi niliteremka ngazi zako. Ile ya tano bado ina ufa. Ubao wa kipimo umeota ukungu wa kijani upande mmoja, lakini namba zinasomeka, maana uliuchora upya wewe mwenyewe kwa rangi ya mlango. Maji yalisimama penye themanini na tatu. Nikachora alama ya penseli sawasawa na uso wa maji, nikakaa. Saa tatu yalikuwa hapo hapo. Saa tano alama yangu ilikuwa nje, imetengana na maji kwa unene wa kidole cha mtoto mchanga. Saa nane ilikuwa imekauka. Mto ulikuwa unakwenda kama siku zote, hakuna aliyeuchota, hakuna aliyeufungulia, na bado ulikuwa unazama mbele yangu bila sauti, kama mtu anayeshusha pumzi usingizini. Saa kumi na moja nikasoma themanini na moja.

Ng'ambo alikuwapo mama mmoja akifua. Alinitazama tangu asubuhi, mwishowe akashindwa, akaniuliza ninangoja nini. Nikamwambia nangoja kuona kama maji yatashuka. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayengoja kuona kama jua litatua.

"Hilo mbona kila anayefua analijua," akasema. "Asubuhi jiwe langu lina maji, alasiri natandaza nguo juu yake."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mtu. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Niliporudi ofisini nikabadilisha ratiba. Mahali pa dakika niliweka nyota, mkwaju, yaani kimstari kilichoinama, na kumi na tano, maana yake kila robo saa. Mahali pa saa nikaweka nyota pia. Mara tisini na sita kwa siku mto ukawa unaulizwa hali na unajibu. Baada ya wiki moja nilichora, na safari hii hayakuwa meno. Meno yanaonekana ukipima mara mbili tu. Ukipima kila robo saa unaona mkunjo laini, unapanda usiku kucha, unakaa juu asubuhi, unateremka mchana, unagusa chini jioni, unapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikaona pia kwa nini makosa yangu ya saa yalinyoosha mstari. Saa saba usiku mto unapanda, saa tano asubuhi unashuka, na mara zote mbili unapita penye kina kile kile katikati. Mtu angeweza kuupima saa hizo miaka mia na kuapa kwamba hautikisiki. Wewe ulipewa saa mbili ambazo mto uko karibu na kilele na karibu na chini, na ukasema ulichokiona.

Niliichukua chati nikampelekea bibi miti, yule afisa wa misitu mwenye sauti nzito ambaye ofisi yake iko juu ya yetu. Aliitazama huku akitabasamu. Akasema mto hauna ugonjwa wowote, una wenyeji wanaokunywa. Miti ya msitu wa juu na ile ya kingoni huvuta maji kwa mizizi mchana kutwa na kuyapeleka hewani kupitia majani, hadi jua linapotua. Usiku wanaacha kunywa, na mto unajaza ulichopoteza. Kama sikuamini, akasema, ningoje siku ya mawingu bila mvua, siku ambayo miti haina kiu.

Ilikuja wiki iliyofuata. Mawingu yalitanda alfajiri hadi jioni, hakuna tone. Robo saa baada ya robo saa nilikuwa nikitazama kompyuta na nikisahau chai yangu. Mkunjo ulilala chini, karibu kunyooka. Kesho yake jua lilitoka, na mto ukaanza tena kuhema. Mama, siku ile nilitoka nje nikasimama chini ya mti wa uwanja wa ofisi ambao nimeupita miaka minane. Ulikuwa umesimama tu kama kawaida yake. Nikaweka kiganja juu ya gome, na sikusikia kitu, lakini nilijua kwamba nyuma ya gome lile maji yanapanda, na kwamba maelfu wenzake huko juu wanafanya hivyo kwa pamoja saa hiyo hiyo bila mtu yeyote kuwaandikia ratiba. Mlinzi aliniuliza kama naumwa.

Ndipo nikaenda stoo kutafuta daftari zako. Nilizikuta nyuma ya mashine za chapa zilizokufa, zimefungwa kwa kamba ya katani, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kuna vipimo zaidi ya elfu kumi na sita. Siku zile zilipochunguzwa zilisomwa safu za namba tu. Ile safu ya pembeni, ya maelezo, haikusomwa na mtu. Nimeisoma yote, kwa siku tisa. Umeandika siku mbuzi alipokuja kujikuna kwenye ubao. Umeandika siku ulipoteleza. Umeandika mahali pamoja, "Leo nimerudia mara tatu, ni hivyo hivyo." Na katika kurasa zote zile, kwa mwandiko wako ulioegemea mbele kama mtu anayepanda mlima, umeandika mara nyingi maneno mawili: mawingu kutwa.

Nikazitafuta siku hizo moja moja. Siku mia tatu na kumi na mbili za mawingu bila mvua. Karibu zote, namba ya asubuhi na ya jioni ni ile ile. Siku za jua kali umeandika jua kali, na hapo jino ni refu. Hakuna mwongo duniani ambaye angejua kudanganya hivyo, mama. Bibi miti mwenyewe hakuwa na kipimo cha namna hiyo. Alikaa na mimi sakafuni stoo tukifunua kurasa, akanionyesha kwamba miaka ile msitu wa juu ulipokatwa, meno yako yanafupika mwaka hadi mwaka, na ulipoota tena yanarefuka. Wewe ukiwa na penseli na ubao uliandika kiu ya msitu mzima kwa miaka ishirini na miwili. Alifunga daftari, akaniuliza ni nani aliyeamua kwamba namba hizi hazifai.

Sasa nimefika pale nilipokuambia usinitangulie.

Ni mimi.

Mwaka ule iligunduliwa kwamba wasomaji wa mito mingine wanaandika mwezi mzima kwa kikao kimoja, na mkuu wa wakati ule akatugawia makarani daftari za kukagua. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Katika fungu langu ulikuwamo mto wako. Nilipoona meno yale niliogopa. Nilihofu mwingine akiyaona kwanza, watasema nimemficha mama yangu. Ningeweza kupanda gari siku ile ile nikaja kukuuliza. Sikuja. Ningeweza kusoma safu ya pembeni. Sikusoma. Nilipeleka chati kwa mkuu mwenyewe kwa mikono yangu, ili nionekane mtumishi asiyependelea, na alinisifu mbele ya wenzangu, na sifa ile niliifurahia. Akaniambia niandike barua ya kukuondoa kwa kuwa mwandiko wangu wa kiofisi ni mzuri. Maneno yale, kwamba vipimo vyako "haviaminiki na vina dalili za kubuniwa", ni yangu. Yeye alitia sahihi tu. Kisha nikaweka alama nyekundu juu ya miaka yako yote.

Na barua ilipofika, nilikuwa nyumbani likizo. Miwani yako ilikuwa imevunjika mkono, ukanipa nikusomee. Nilikusomea maneno yangu mwenyewe kana kwamba nayaona kwa mara ya kwanza. Ulisikiliza mpaka mwisho. Hukulia. Ulisema, "Ukirudi waambie mto haudanganyi, ila una tabia zake." Nikakuahidi nitawaambia. Sikumwambia mtu, mama. Miaka saba ujumbe wako nilikuwa nao, na hata nilipoona ule mstari ulionyooka nilipumua kwa sababu nilidhani mashine imenisafisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ulikuwa unaniombea heri kazini, na mimi ndiye niliyekula kazi yako.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu wa sasa nikamweleza yote mawili, la mto na langu. Alinisikiliza amesimama, halafu akaketi. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikumuuliza mama yangu. Nilimjibu kwamba niliona aibu kuwa mtoto wa msoma kipimo mbele ya watu wa chati. Nimepewa onyo la maandishi, na ninalistahili. Alama nyekundu imeondolewa. Juzi mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote akanitaka nieleze mbele yao, nikaeleza, meno, miti, mawingu, na barua. Tangu hapo ndipo salamu zako zilipoanza kumiminika mezani kwangu. Watu wa chuo wameomba ruhusa ya kunakili daftari zako, na bibi miti anakataa zitoke stoo mpaka mwenyewe ukubali.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya ofisi, imepigwa muhuri. Hiyo sikuiandika. Nilipoombwa niichape nilikataa, na sijui imesema nini.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Sikuombi unisamehe kabla sijafika, wala nikifika. Ukiniambia nikae nitakaa, ukiniambia nirudi nitarudi, na ukitaka kunisema mbele ya dada na wajukuu, nisikie na wao wasikie, nitasimama nisikie. Lakini kama goti litakubali, ningependa jioni, kabla ya saa kumi na moja, tuteremke pamoja ngazi zile, wewe usome ubao, mimi niandike.

Nisalimie dada, umwambie asinikasirikie kwa niaba yako mpaka wewe umeamua. Nisalimie shemeji na watoto, na jirani wa mlango wa bluu. Bibi miti anakusalimu kwa heshima zote. Kimya naye anakusalimu, salamu zake ni ndefu nami nimezifupisha.

Wako akupendaye,
binti yako, kitindamimba.